Tunaomba raundabauti, lakini ile ya kumtosha trela na mama mwenye beseni

Saa kumi na mbili jioni ndiyo saa mbaya hapa senta kwetu. Trela zilizomaliza karatasi pale Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda yetu, zinakuja zimefuatana, kila dreva anataka kufika Iganga au Jinja kabla giza halijakaza, na saa hiyo hiyo soko linafungwa, watoto wa shule wanavuka kurudi nyumbani, boda zimejaa, wauza gonja (ndizi za kuchoma) na muchomo (nyama choma) wanakimbilia madirisha ya taksi. Barabara kuu inapita katikati ya haya yote. Upande mmoja kuna barabara ya vumbi ya kwenda sokoni, upande wa pili kuna nyingine ya kwenda shule na zahanati, zinakutana na lami pale mbele ya muembe, na alama iliyopo ni kibao kimoja cha 50 ambacho kimepinda mpaka kinaangalia shamba la mihogo.

Mwaka huu kikao cha kijiji tumekaa mara tatu juu ya njia panda hii. Mara zote tatu jibu lilikuwa moja, tuandike barua tuwekewe matuta. Na mimi nilinyoosha mkono kwa matuta, mara mbili. Mara ya tatu sikunyoosha, watu wakaniuliza kwani umehama senta? Sijahama. Nilikuwa nimekaa wiki mbili hapo kwenye kibanda cha chai naangalia tu magari yanavyopita, nauliza madreva, nasoma, na nimefika mahali naamini tunachohitaji hapa ni raundabauti, na tena siyo raundabauti yoyote.

Kwanza hilo neno. Sisi tunasema raundabauti, vitabu vinasema mzunguko, na madreva wa Tanzania wanaopita hapa wanaita kipilefti kwa sababu ya kile kibao cha zamani cha kuwaambia watu wakae kushoto. Napenda hilo la kipilefti maanake ndani yake kuna maelekezo yote: ukifika kaa kushoto, zunguka kama mshale wa saa, mpishe anayekuja kutoka kulia kwako, toka kwenye njia yako. Basi.

Sasa matuta. Tuta linapunguza spidi, hilo silikatai, na kwenye barabara ya ndani mbele ya shule ni kitu kizuri sana. Lakini kwenye barabara kuu ya mizigo tuta lina tabia yake. Dreva mmoja wa trela, mtu wa Tanzania, aliniambia tukiwa tunakunywa chai, "Kaka, kipilefti nakiona toka mbali, naanza kushusha gia mapema. Tuta nalikuta miguuni." Na ni kweli, rangi ikishafutika usiku tuta halionekani, gari la nyuma linakuja kugonga la mbele, na mzigo ukiruka wenye nyumba za karibu hawalali. Halafu kuna jambo ambalo kikaoni hatulisemi, tuta linapunguza spidi pale pale juu yake tu. Mita 60 mbele dreva ameshakanyaga tena. Na tuta halisemi nani apite kwanza. Boda inayotoka sokoni bado inabahatisha, mama anayevuka bado anabahatisha.

Huko kubahatisha ndiko kunaua, ngoja nikueleze kwa hesabu ambayo nilifanya mwenyewe kwenye kikaratasi. Gari likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa linatembea mita 22 hivi kila sekunde. Lami yetu ina upana wa kama mita 7. Mtu mzima anayetembea kawaida anahitaji sekunde 6 kuivuka, mama mwenye beseni kichwani na mtoto mgongoni anahitaji zaidi. Sekunde 6 mara 22 ni mita 132. Yaani ili huyo mama avuke salama trela lazima liwe zaidi ya mita 130 kutoka alipo, na yeye ndiye anatakiwa akisie hizo mita kwa macho, saa kumi na mbili jioni, taa za gari zinamwangalia usoni. Hakuna binadamu anayeweza hivyo kila siku bila kukosea. Sasa shusha hiyo spidi mpaka 30. Mita 8 na kitu kwa sekunde. Zile mita 132 zinakuwa 50. Halafu weka kisiwa kidogo katikati ya barabara, kile kinachogawa magari yanayoingia na yanayotoka, asimame hapo apumzike, maanake anavuka upande mmoja tu kwa wakati, sekunde 3, mita 25. Mita 25 hata mtoto wa darasa la pili anaziona vizuri.

Hiyo ndiyo raundabauti inayofanya. Inampindisha dreva. Barabara iliyonyooka inamwambia nenda, hata ukiweka vibao kumi vya kumwambia polepole, ila barabara inayopinda kuzunguka kitu haimpi nafasi ya kubishana, lazima ashuke mpaka 30 au 40 la sivyo mzigo unalala. Na ukishuka kutoka 80 mpaka 30 nguvu ya kugonga haishuki kidogo kidogo, inashuka kwa mraba, inakuwa chini ya sehemu moja ya saba ya ile ya mwanzo. Sheria yetu ya Afrika Mashariki inaruhusu trela la ekseli 7 kufika tani 56. Tani 56 kwenye 80 na tani 56 kwenye 30 ni vitu viwili tofauti kabisa.

Jambo la pili ni wapi magari yanakutana. Mainjinia wana namna ya kuhesabu, wanachora njia zote ambazo magari yanaweza kupita kwenye njia panda ya barabara nne halafu wanahesabu sehemu ambazo njia hizo zinagusana. Kwenye njia panda ya kawaida zinafika 32, na 16 kati ya hizo ni za kukatana, moja inapita mbele ya nyingine, hapo ndipo gari linapigwa ubavuni au uso kwa uso. Kwenye raundabauti ya njia moja zinabaki 8, na za kukatana hakuna hata moja, kuna kuingia na kutoka tu. Ajali zinaweza kutokea bado, lakini zinakuwa za kukwaruzana. Utafiti uliotolewa Marekani 2001 uliangalia njia panda 24 zilizogeuzwa kuwa raundabauti, ajali zenye majeruhi zilishuka kwa asilimia 76, na zile za kuua au kulemaza zilishuka karibu asilimia 90. Mji wa Carmel, jimbo la Indiana huko huko Marekani, una raundabauti zaidi ya 150, mji mdogo tu. Sisemi tutapata asilimia hizo hizo hapa, kule watu wanafunga mikanda na wachache wanatembea kwa miguu, hapa nusu ya senta iko barabarani. Lakini chuma kinapiga mwili wa binadamu namna moja, Indiana na hapa.

Mtu ataniambia, wewe hujafika Kampala? Kampala nimefika. Nimekwama Kibuye, nimekwama Clock Tower kabla daraja la juu halijaanza kujengwa, najua jemu ya raundabauti ni nini. Na najua raundabauti kadhaa za Kampala zimeondolewa zikawekwa taa. Lakini tuangalie kwa nini zilishindwa. Raundabauti ya njia moja inabeba kama magari elfu 20 mpaka 25 kwa siku, ikizidi hapo inakaba, na barabara za Kampala zilishapita huko zamani. Sababu ya pili ni kanuni ya kupisha. Hata Uingereza walikuwa na raundabauti miaka mingi kabla hawajajua kuzitumia, zilikuwa zinajifunga kabisa kwa sababu kila mmoja anaingia na waliomo ndani hawawezi kutoka, mpaka 1966 walipoweka sheria kwamba anayeingia ampishe aliyemo. Kanuni moja tu, na kila kitu kikabadilika. Kampala kanuni ipo kwenye kitabu, lakini taksi inaingiza pua, boda zinaingia kumi kwa mpigo, halafu trafiki anakuja kusimamisha upande mmoja dakika kumi, na hapo raundabauti imeshakufa, imekuwa taa ya mkono. Hapa kwetu hatuna magari ya Kampala. Tuna magari machache yanayokwenda kasi, ugonjwa mwingine kabisa, na dawa inayoshindwa kwa ugonjwa ule inaweza kutibu huu.

Basi kwa nini tusiwekewe taa? Kuna kijana alisimama kikaoni akasema taa ndiyo maendeleo, senta ikiwa na taa inaonekana mji. Namwelewa. Lakini taa zinataka umeme, na umeme wetu wote tunaujua, ukikatika taa inabaki nguzo tu na watu wanaenda kama hakuna kitu, tena vibaya zaidi maanake walishazoea kuongozwa. Na saa nane usiku dreva wa trela amekuta taa nyekundu, barabara tupu, unadhani atasimama? Akipita kwenye nyekundu anapita na 80. Raundabauti saa nane usiku ni ile ile ya saa nane mchana. Ukikosea unakosea polepole.

Na hapa nataka kusema kuhusu kamera na faini. Juni 2025 tuliletewa ule mfumo wa faini wa kamera, ukizidisha spidi kidogo laki mbili, ukizidisha sana laki sita, pamoja na sehemu za kilomita 30 ambazo wengi hawakujua hata zinaanzia wapi. Nchi nzima ililia, na mwezi ule ule ukasimamishwa. Waliolia wengi walikuwa na haki, lakini nilisikitika kwamba mjadala wote ulikuwa wa pesa, hakuna aliyeuliza kwa nini barabara yenyewe imechorwa kwa ajili ya 100 halafu tunamwadhibu mtu kwa kuitii. Ukimjengea mtu uwanja wa kukimbia, upana, unyoofu, bila kona, halafu ukaweka kibao cha 30, umemdanganya. Ripoti ya polisi ya 2024 inasema watu 5,144 walikufa barabarani Uganda, karibu 14 kila siku, na 2023 walikuwa 4,806. Tunaongezeka. Faini peke yake haitashika hiyo namba, lazima lami yenyewe ibadilike, hasa pale inapopita katikati ya soko.

Sasa nakuja kwenye raundabauti gani, na hapa naomba mnivumilie kidogo, maanake raundabauti mbaya ni bora usijenge.

Trela halipindi kama taksi. Kichwa kinapita njia yake, matairi ya nyuma yanakata kona ndani zaidi, kila aliyewahi kuwa taniboi, msaidizi wa dreva wa lori, anajua. Ukijenga duara dogo lenye ukingo mrefu, trela litapanda juu litavunja ukingo, au litapitisha tairi pale watu wanaposimama, ndiyo maana raundabauti nyingi za miji midogo kingo zake zimevunjika. Dawa yake ipo, ni kuuzungushia mduara wa katikati ukanda wa zege ulioinuka sentimita chache tu, ambao matairi ya nyuma ya trela yanaruhusiwa kuukanyaga, lakini gari dogo linauona kama ukingo na halipendi kuupanda, kwa hiyo dogo linapinda vizuri na kubwa linapita bila kuharibu kitu. Na mduara wote wa nje, kwa njia moja ya kupitisha trela, unahitaji kipenyo cha mita 40 mpaka 55. Hilo la mita nitalirudia.

Njia moja, nasisitiza. Mtu akituletea plani ya njia mbili ati kwa ajili ya siku za mbele, tukatae. Hapa ni nchi ya baiskeli, neno boda boda lenyewe lilizaliwa hapo Busia, watu wa baiskeli wakivusha abiria kutoka mpaka mmoja kwenda mwingine. Na raundabauti haimpendi mtu wa baiskeli kama inavyompenda wa gari. Kule Ubelgiji, eneo la Flanders, walichunguza raundabauti 91 wakakuta ajali za baiskeli zenye majeruhi zimeongezeka kwa asilimia 27 baada ya kujengwa. Zimeongezeka, hamkusoma vibaya. Dreva anamtafuta mwenzake wa gari, baiskeli haioni. Kwa hiyo baiskeli na watembea kwa miguu wapewe njia yao nje ya mduara, wavuke pale penye kile kisiwa, umbali wa gari moja nyuma ya mstari wa kupisha, siyo kwenye mdomo wenyewe wa raundabauti. Na stegi ya boda isikae kwenye mdomo huo. Najua ndipo abiria walipo, lakini stegi ikisogea mita 40 abiria watasogea, mguu wa Mganda unafuata boda.

Kisha kuna spidi ya kufikia. Agosti 2025 kule Kisumu basi lililobeba waombolezaji wanaotoka mazishini lilishindwa kukata raundabauti likaanguka, watu zaidi ya 20 wakafa. Banange, ile picha haijanitoka. Watu walisema unaona, raundabauti inaua. Mimi nasema barabara inayomleta mtu kwa kasi mpaka mdomoni mwa raundabauti bila kumwandaa ndiyo inayoua. Lazima maandalizi yaanze mita 200 au 300 nyuma, alama kubwa, mistari ya kutetemesha matairi, lami ianze kupindapinda kidogo kidogo, taa za sola ili usiku ionekane, mduara wa katikati uinuke na upandwe kitu ili dreva asiuone upande wa pili akadhani njia imenyooka. Upande wetu wa Malaba kuna mteremko kidogo, siyo mkali, lakini upo, na injinia atakayekuja asiupuuze.

Na kuna jambo ambalo raundabauti haiwezi. Juni 2023 pale Londiani, Kenya, lori la kontena lilikosa mwelekeo likaingia kwenye wachuuzi na matatu zilizosimama kando ya barabara, watu 52 wakafa. Lori lililokosa mwelekeo namna hiyo halina habari na raundabauti. Kilichowaua wale watu wengi hivyo ni kwamba soko lilikuwa pale pale, kwenye ukingo wa lami, kama letu. Kwa hiyo hata tukipata raundabauti nzuri kuliko zote, wauza gonja wakiendelea kukaa mita moja kutoka kwenye matairi bado tumeacha mlango wazi. Wanahitaji sehemu ya kusimamisha taksi iliyotoka nje ya barabara, yenye nafasi ya meza zao. Kuwafukuza bila kuwapa mahali ni kupoteza muda, watarudi jioni ile ile, na mimi nisingewalaumu.

Hapo ndipo tunafika kwenye shida ya kweli, ambayo naona hata kuliko pesa ya lami ndiyo itaamua. Ardhi. Hifadhi ya barabara kuu ni mita 15 kila upande kutoka katikati, jumla 30. Nimesema mduara unahitaji 40 na zaidi. Hizo mita zinatoka kwa mtu. Katiba yetu ibara ya 26 inasema mtu halipwi baadaye, analipwa fidia ya haki kabla ardhi haijachukuliwa, na tumeona projekti nyingi zikilala miaka kwa sababu ya hilo, mthamini hajaja, mwenye kiwanja anadai zaidi, ndugu wanagombana nani asaini. Serikali ikiona senta yenye wenye viwanja 20 wanaogombana inasogea senta inayofuata, au inatuwekea matuta manne na kwenda zake. Kwa hiyo barua yetu ikienda mikono mitupu ya kuomba tu, itakaa kwenye faili.

Kwa sababu hiyo Jumapili iliyopita tulifanya kitu. Mwenyekiti wa LC (baraza la kijiji), mimi, vijana wawili wa stegi ya boda na mwalimu mmoja wa hesabu tulichukua kamba ya katani ya mita 22, tukasubiri magari yapungue, kijana mmoja akashika ncha katikati ya njia panda mwenzake akiangalia barabara, sisi tukazunguka na ncha ya pili tukipiga chaki na kuweka mawe. Ilituchukua karibu saa nzima maanake trela zilitukatiza mara nyingi. Ukiangalia kwenye karatasi duara la mita 44 linaonekana kubwa, unaogopa. Chini kwenye udongo linagusa vitu vitano tu. Muembe wenyewe, ambao tunaweza kuubakiza tukisogeza katikati kidogo upande wa sokoni. Kona ya uwanja wa kanisa. Vibanda vitatu.

Kanisa wamesema watakaa na wazee wao, ila mchungaji mwenyewe alishika kamba dakika kumi. Mama wa kibanda cha kwanza alimuuliza mwenyekiti, "Baba, nikitoka hapa nitakaa wapi, na lini?" na hakuna kati yetu aliyekuwa na jibu la lini, kwa hiyo tumeandika swali lake kama lilivyo kwenye barua. Wa cha pili amekubali akilipwa, na ameonyesha karatasi zake za kiwanja. Wa kibanda cha tatu bado hatujaongea naye, yuko Busia kwa biashara, anarudi Ijumaa.